Karani Abaki Kituoni

Zuhura alinipigia simu nikiwa nakaanga omena, akaanza kwa kuzunguka kama kawaida ya watu wa Tanga, watoto hawajambo, kazi je, baridi ya kwenu ikoje, mpaka nikamwambia sema kilichokuleta. Akasema, "Mwenzangu, yule mzee wako kafariki. Kalala, hakuamka." Nikamuuliza mzee wangu yupi, ingawa nilishajua. "Mzee Whitlow. Joan kaniomba nikuarifu, na Jumamosi wana ibada, ukipenda kwenda." Nilipunguza moto. Nilichosema baada ya hapo hakiandikiki, na Zuhura, ambaye tulikuwa tukipokezana kumtunza mzee huyo, yeye wikendi mimi siku za kazi, akaniambia taratibu, "Beatrice, maiti hasemwi." Nikamjibu kwamba maiti sijamsema, nimeusema mwaka. Omena ziliungua. Ibada sikwenda. Lakini tangu siku hiyo mwaka ule wa 2003 umenikaa kooni, na kwa kuwa nimeshaanza kuandika mambo ya maisha yangu, afadhali niutoe wote mara moja. Nilikotoka na nilivyofika Amerika si muhimu hapa. Babake binti yangu Imani alikuwa Texas, na akae huko huko.

Nyumba ya akina Whitlow ilikuwa juu ya kilima, upande wa magharibi wa Alexandria, mji wa Virginia ulio jirani na Washington, na ukishuka mteremko ule unafika kwenye fleti zetu za matofali mekundu, ambako mimi na Imani tulipanga chumba kwa Mama Kevo. Mama Kevo alikuwa akilea watoto wa nusu ya jengo, Imani wangu akiwa mdogo wao, ndio kwanza anatembea kwa kushika makochi. Asubuhi namwachia mtoto analia, napanda kilima, naingia kwa mlango wa nyuma, nakuta jikoni kunanuka mkate wa kuchoma na ile jamu chungu ya machungwa ambayo Waingereza wanaipenda. Joan, binti wa mzee, alikuwa anaondoka kwenda kazini na kikombe mkononi. Mumewe alishaondoka. Kijana wao alishachukuliwa na basi la shule. Tunabaki mimi, mzee na mbwa. Mzee alikuwa na miaka tisini na kidogo, macho yamekwisha, mpira wa oksijeni puani, lakini shati limepigwa pasi na nywele zimechanwa kwa maji. Uji wake alitaka uwe na chumvi, si sukari, na aliponisikia nikicheka siku ya kwanza alisema, kwa kile Kiswahili chao walichokuwa wakiwaamrishia mababu zetu, "Wewe nacheka nini? Hii chakula ya mwanaume." Nilishtuka hadi nikaweka kijiko chini. Nimesafiri bahari nzima, niko Virginia, theluji nje, na huyu hapa ananiita kwa sauti niliyoisikia kwa wazee wa kwetu wakiwaigiza wazungu kwenye vilabu vya pombe ya busaa. Nikamuuliza amejifunza wapi. Akanijibu kwa Kiingereza, ambacho ndicho tulichozungumza siku nyingi, kwamba alikuwa mkuu wa wilaya kaskazini mwa Kenya wakati wa vita ya Hitler, kwenye kituo kilichopakana na Uhabeshi, Wataliano wakiwa upande wa pili wa mpaka, karibu kiasi kwamba usiku mtulivu waliweza kusikia malori yao.

Kazi niliyoandikiwa ilikuwa kumwogesha, kumlisha, kumpa dawa. Kazi niliyofanya hasa ilikuwa kusoma. Mzee alikuwa anaandika kitabu cha maisha yake, na kutoka Uingereza walikuwa wamemtumia sanduku la nakala za barua za serikali za kituo chake, zake mwenyewe na za wakubwa wake. Yeye haoni. Kijana wa Joan hana subira. Basi baada ya uji nakaa kwenye kiti cha ngozi karibu na dirisha, nasoma kwa sauti, na yeye amefumba macho na kidole kimoja kinapiga mkono wa kiti. Siku aliyogundua kwamba sekondari nilisoma taipu na kazi za ofisi, alifurahi kama amepata mtoto. Mashine za shule yetu zilikuwa mbovu, lakini mwalimu alikuwa mkali, na vidole havisahau. Mzee akaagiza niwekewe kompyuta pale pale chumbani. Akanifunza namna barua ya serikali inavyokwenda: aya zina namba, hakuna kusema nadhani, hakuna kusema naogopa, unaanza kwa kusema una heshima ya kuarifu na unamaliza kwa kujiita mtumishi mtiifu, hata kama unamwandikia mtu usiyeweza kukaa naye meza moja. Nilipenda. Nasema kweli. Tangu nifike nchi hii nilikuwa nimefuta makalio ya watu tu, na hapa palikuwa na mtu ananiambia, "Beatrice, aya ya tatu imekaa vizuri." Nilimpikia chapati. Siku moja Mama Kevo alipougua nilikwenda na Imani, na mzee alimpakata, mtoto akauvuta ule mpira wa puani, mzee akacheka hadi akakohoa, akamwita memsahib kidogo, bibi mdogo, kama walivyoitwa mabinti wa wazungu.

Faili lililonibadilisha tulilifikia mwanzoni mwa Februari. Makao makuu walikuwa wamemwandikia atume mpango: adui akivuka mpaka, kituo kitahamwaje? Na jibu lake lilikuwa hapo, aya zimepangwa kwa namba, safi kabisa. Wake za wazungu walishaondoka zamani. Kwanza itoke hazina pamoja na vitabu vya maneno ya siri ya redio. Kisha ngamia na nyumbu, kwa kuwa ni mali ghali. Kisha maofisa na askari. Mafaili yachomwe. Na aya ya mwisho ikasema karani wa simu ya redio, Daudi, abaki kituoni, na kila asubuhi na kila jioni apeleke ujumbe wa kawaida kwamba hali ni shwari, ili adui anayesikiliza mawimbi adhani kituo bado kina watu. Nilisoma aya ile nikasimama. Mzee akasema, "Endelea." Nikaendelea. Makao makuu walijibu wakiuliza kama karani amefahamu anachotakiwa kufanya, na kama isingefaa naye aondolewe. Mzee, wakati huo kijana wa chini ya miaka thelathini, akawajibu kwamba karani ameelezwa majukumu yake na ameridhika, tena kwa kuwa ni mwenyeji wa nchi hana cha kuogopa kwa adui. Mwenyeji. Daudi alikuwa mtu wa misheni, wa bara, wa kwetu kule magharibi, imeandikwa kwenye barua hiyo hiyo alikotoka. Kule jangwani alikuwa mgeni kama yeye Whitlow, hata maji ya kule yalikuwa yakimwumiza tumbo. Sina undugu na Daudi huyo, msinielewe vibaya. Lakini najua mtu wa kwetu anavyoridhika mbele ya bwana. Anasema ndiyo bwana na uso hausemi kitu.

Nilifungua karatasi zilizofuata haraka haraka nijue aliishia wapi. Kituo kilihamwa kweli. Barua za baadaye ziliandikwa kutoka mahali pengine, na zote, barua baada ya barua, zilihusu taipureta. Taipureta ya serikali iliachwa, nani aliidhinisha iachwe, thamani yake ikatwe kwenye fungu gani. Mkaguzi aliuliza, mzee akajibu, mkaguzi hakuridhika, akauliza tena. Nikamwuliza mzee, "Na Daudi?" Akasema, "Ujumbe wake ulikuja siku kadhaa. Asubuhi na jioni, bila kukosa. Kisha ukakoma." "Halafu?" "Halafu nilihamishwa." "Hakuna aliyeandika kuuliza?" Alifikiri kwa uaminifu kabisa, kidole kinapiga mkono wa kiti. "Faili limefungwa hapo, Beatrice." Kisha akaongeza, kama mtu anayemsifu marehemu kanisani, "Alikuwa na mwandiko mzuri sana." Nilikwenda jikoni nikapasha supu yake, nikasimama mbele ya jiko naitazama ikichemka mpaka ikamwagika.

Na ni siku zile zile serikali ya hapa ilikuwa imetangaza hatari. Mtakumbuka, vita ya Iraki ilikuwa inakuja, na watu wa Washington waliambiwa wawe na maji, chakula cha mkebe, karatasi za plastiki na utepe wa gundi, ili gesi ya sumu ikirushwa uzibe chumba ukae ndani. Madukani rafu zilibaki tupu. Mama Kevo alirudi na utepe wa kufungia zawadi, wenye maua, ndio uliokuwa umebaki, akasema, "Tukifa tutakaa ka birthday." Kule kilimani walijipanga kisomi zaidi. Jikoni nilikuwa na kile kidude cha kusikilizia chumba cha mzee asije akaanguka, na jioni moja nikiosha vyombo Joan na mumewe wakaingia kwa mzee, wakasahau kidude kimewashwa. Mume aliuliza, "Na Bea?" Joan akasema, "Bea atakaa na baba. Baba hawezi safari ndefu ya kukimbilia milimani na ile mitungi yake ya oksijeni." Mume akauliza kama nimeambiwa. Aliyejibu ni mzee, kwa sauti shwari kabisa, "Watu wa kwao ni waaminifu sana. Hawaondoki." Niliendelea kuosha sahani ile ile. Nilijua mpango utakuwaje kabla haujaandikwa, kwa maana nilikuwa nimeshausoma.

Kesho yake niliuandika mimi mwenyewe. Joan alikuwa amemwomba babake autunge kwa kuwa ni mzoefu, na babake hana macho, basi akamwita karani wake. Aliamrisha, mimi nikachapa. Aya ya kwanza, hatari ikitangazwa Joan na mume wamchukue kijana shuleni, wasipitie nyumbani. Aya ya pili, hati za nyumba na vito tayari vitakuwa garini. Aya ya tatu, mbwa achukuliwe na jirani anayeelekea upande huo huo wa milimani. Aya ya nne, msaidizi abaki na mzee, azibe chumba kwa plastiki na utepe, ajibu simu kila inapolia. Jina langu halikuwemo. Vidole vyangu vilichapa neno msaidizi, kisha vikasimama, nikamwuliza, "Na mtoto wangu?" Akageuza uso kwenye sauti yangu. "Mtoto?" "Imani. Yuko chini ya kilima kwa Mama Kevo. Hatari ikitangazwa nani anamchukua?" Ingekuwa heri angekasirika. Lakini alitikisa kichwa kama mwalimu aliyeulizwa swali zuri, akasema mambo ya familia za watumishi hayaingii katika waraka huu, niandike barua ya pekee. Nami nikaiandika. Namna nilivyofunzwa, aya kwa namba, hakuna kusema naogopa. Nilikuwa na heshima ya kuarifu kwamba nina mtoto wa mwaka mmoja na ushee, nikaomba aletwe nikae naye chumba kile kile kilichozibwa. Nikaiacha mezani kwa Joan. Siku zikapita. Nilipomwuliza, aligusa bega langu. "Hatujakusahau, Bea. Tunaishughulikia." Mpango ule wakaubandika kwenye friji. Nilipomsimulia Mama Kevo alisema, "Kwa hivyo mbwa ana lifti, mtoi wako hana." Nikasema ndivyo. "Na umeitaipu wewe mwenyewe." Nikasema ndivyo. "Wee Beatrice. Hata typing error haukuweka?"

Jambo lenyewe lilikuja mchana, wiki chache baadaye, vita ikiwa imeshaanza na kila mtu moyo juu juu. Nilikuwa namnyoa mzee. Tulisikia ving'ora, vingi, kisha harufu kali ikapita dirishani, kama dawa ya kuoshea choo iliyozidishwa mara mia. Televisheni ikasema wakazi wa eneo letu wakae ndani wafunge madirisha, barabara kubwa imefungwa, haijajulikana ni nini. Simu ikalia. Ni Joan, yuko garini, nasikia kijana akiuliza maswali nyuma. "Bea, tekeleza mpango. Tumeshampata, tunaelekea milimani. Baba yuko sawa?" Nikasema yuko sawa. "Na Imani?" nikauliza. Akasema, "Nakusikia vibaya," na pengine kweli alinisikia vibaya. Ikakatika. Nikampigia Mama Kevo, simu haishiki. Nikapiga tena, haishiki. Mitandao ilikuwa imejaa, kila mtu anampigia wake. Utepe na plastiki vilikuwa kwenye kikapu kando ya kitanda, vipya, nilikuwa nimeshavikata kwa kipimo cha madirisha. Mzee, nusu ya shavu ina povu, akasema, "Anza na dirisha la mashariki."

Sikuanza na dirisha lolote. Nilimfuta povu, nikamvika koti, nikamfunga kitambaa kibichi mdomoni na puani juu ya mpira wake, nikaning'iniza mtungi mdogo wa oksijeni nyuma ya kiti cha magurudumu. Msinisifu kwa kumchukua. Ningemwacha ningekwenda mbio zaidi, na njia nzima nililiwaza hilo, lakini kila nikiona chumba kile na mtu mmoja ndani anaitikia simu, miguu ilikataa. Nikaacha karatasi mezani: nimekwenda kwangu na mzee, na anwani, na namba ya fleti. Nje barabara ilikuwa tupu kama siku ya mazishi. Upepo ulikuwa unaipeleka harufu upande wa pili, mbali na mteremko wetu, hilo nilihakikisha kwanza. Nikashuka kilima nimeegemea nyuma kama anayezuia ng'ombe, kiti kinataka kunitoroka, na yeye anaongea ndani ya kitambaa. "Wewe napeleka mimi wapi?" Nikasema, "Kwa mtoto wangu." "Memsahib nasema kaa." "Ndiyo, Joan amesema." "Kama nasema kaa, kaa." Nikamwambia, kwa Kiswahili changu mimi, kwamba kama hataki, breki ipo, naweza kumwacha hapa katikati ya barabara na yeye akae.

Mama Kevo alikuwa amewaweka watoto wote bafuni, mlango umezungushiwa utepe wa maua. Imani alikuwa ndani ya beseni tupu anatafuna biskuti. Nilimchukua, nikamshika mpaka akalia kwa kubanwa. Baada ya muda televisheni ikasema ni lori la dawa za mabwawa ya kuogelea lililopinduka, wameshalimudu, watu wasiwe na wasiwasi. Watoto wakatoka. Mzee akakalishwa sebuleni kati yao, akapewa chai ya maziwa yenye tangawizi, na Mama Kevo, ambaye hana mpaka wa ulimi, akamzunguka akimwangalia mikono, shingo, vifundo vya miguu. "Ndiye huyu alikuwa anatutawala? Mbona ni mwepesi hivi." Mzee akasema, "Mimi nasikia, mama." Mama Kevo akacheka mpaka akakaa chini, akamwongezea chai, akamwita guka, yaani babu kwa Kikuyu, na watoto wakashika neno hilo, guka guka, hata Imani. Mzee alikuwa amepata rangi usoni. Aliomba chapati. Alisema hajakaa mahali penye kelele namna hii tangu mkewe afe. Nikaona nimefanya jambo jema kwa watu wote. Mjinga mimi.

Joan alifika jua likienda kuzama, macho mekundu, karatasi yangu mkononi. Nilikuwa nimemteremsha mzee mpaka uwanja wa magari kwa lifti. Akapiga magoti mbele ya kiti. "Daddy, uko sawa?" "Sawa kabisa." Akainuka akanigeukia, hakupaza sauti, hawa hawapazi. "Ulitakiwa kukaa ndani, Bea. Umemtoa mtu wa oksijeni kwenye hewa ile." Nikasema upepo ulikuwa upande wa pili, na mtoto wangu alikuwa huku. "Naelewa hilo. Lakini tulikuwa na mpango." Nikamtazama mzee. Bado alikuwa na chembe ya chapati kwenye koti. Neno moja lake lingetosha, kwamba amehudumiwa, kwamba amekunywa chai, kwamba sikumwacha, na ninaapa nilimsubiri alitamke, nilimsubiri kama binti anavyomsubiri babake. Alinyanyua uso. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alisema kwa ile sauti ya kusomewa faili, "Aliagizwa kwa maandishi."

Joan akasema hafikirii tunaweza kuendelea. Kazi ikaisha hapo, kati ya gari la taka na gari lake. Kilichobaki ni kukabidhi. Nikamwambia dawa yake ya jioni hajanywa, mtungi umebaki robo, breki ya kiti iko kushoto na inabana, aikanyage kwa nguvu. Kisha nikaondoa mkono. Juu, dirishani kwa Mama Kevo, Imani alikuwa amemwona mzee akipakiwa garini, akawa anapiga kioo na kuita neno lake jipya, guka, guka. Mzee akageuza kichwa huku na huku, macho hayana kitu. "Nani naita?" akauliza. Nilipanda ngazi, nikamtoa mtoto dirishani.